Kukauka Sawasawa: Uvukizaji wa Viyeyushi Maabarani na Vitenzi vya Kiswahili Vinavyoueleza

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili kama lugha ya sayansi umejikita zaidi katika nomino. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali kubwa lililojibiwa lilikuwa: kitu hiki kinaitwaje? Swali hilo lilistahili kujibiwa, na majibu yake yamewafaa walimu na wanafunzi wengi. Hata hivyo, maabara haiendeshwi kwa majina ya vitu peke yake. Huendeshwa kwa maagizo: pima, koroga, pasha moto, vukiza, acha, ondoa. Jina likikosewa, msomaji huuliza. Agizo likieleweka vibaya, kazi huendelea hadi mwisho na matokeo yake huandikwa kana kwamba ni kweli.

Mhadhara huu unachunguza kazi moja ambayo hufanyika kila siku katika maabara za chakula, za dawa na za mazingira, nayo ni kuondoa kiyeyushi kwa kukivukiza kutoka katika sampuli nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa namna ambayo sampuli zote zitakauka sawasawa. Hoja yake ni kwamba ugumu wa kazi hii haumo katika kukausha, umo katika neno sawasawa. Na kwamba Kiswahili kinao uwezo wa kuueleza ugumu huo kwa usahihi, ilimradi mwandishi wa maagizo atumie vitenzi vyake kikamilifu.

2.0 Kwa Nini Kiyeyushi Kiondolewe

Mkemia anayetafuta mabaki ya viuatilifu katika mboga hawezi kuitia mboga yenyewe ndani ya mtambo wa kupimia. Kwanza huisaga, kisha huichanganya na kimiminika chenye uwezo wa kuyatoa mabaki hayo. Kimiminika hicho ndicho kiyeyushi, ambacho baadhi ya waandishi hukiita kimumunyishi. Asetonitrili, heksani, asetoni na ethanoli ni miongoni mwa viyeyushi vinavyotumika sana. Baada ya kuchuja, hubaki myeyusho ambao ndani yake mabaki ni machache mno na kimiminika ni kingi. Ili mtambo uweze kuyatambua, kimiminika hupunguzwa. Mililita 10 zikivukizwa hadi ikabaki mililita 1, kile kinachotafutwa hukolea mara kumi. Pengine kiyeyushi huondolewa chote, na masalia yakamumunywa upya katika kiyeyushi kingine kinachoufaa mtambo.

Msingi wa kazi hii si mgeni Afrika Mashariki. Huko Uvinza, katika mkoa wa Kigoma, maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa vyunguni hadi maji yakaondoka na chumvi ikabaki. Uchunguzi wa kiakiolojia umeonesha kwamba kazi hiyo ilikuwapo tangu milenia ya kwanza Baada ya Kristo. Mpika chumvi na mkemia wanakubaliana katika jambo la msingi: kinachoondoka ni kibebaji, na kinachobaki ndicho kilichokusudiwa.

Wanaachana katika hesabu ya mwisho. Chumvi ya vyungu vyote huishia katika fungu moja. Chungu kimoja kikikauka mapema na kingine kikachelewa, chumvi haipungui thamani. Maabarani kila neli hubeba ushahidi wa shamba lake, wa mgonjwa wake au wa kisima chake. Kilichopotea katika neli moja hakifidiwi na kilichosalia katika neli ya jirani.

Uzito wa jambo hili huonekana katika biashara. Kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Ulaya, kiuatilifu ambacho hakikuwekewa kikomo mahususi hakitakiwi kuzidi miligramu 0.01 katika kilo moja ya chakula. Kikomo hicho hukabili, kwa mfano, maharage machanga yanayosafirishwa kutoka Kenya kwenda Ulaya. Ichukuliwe kwamba sampuli ina miligramu 0.016 kwa kilo. Iwapo nusu ya kiasi hicho itapotea wakati wa kuvukiza, mtambo utasoma 0.008, na mzigo utapita. Mtambo haukudanganya, ulipima kwa uaminifu kile kilichoufikia. Upotevu ulitokea mapema zaidi, katika hatua ambayo vitabu vingi huieleza kwa neno moja tu: kausha.

3.0 Kimiminika Hukauka Vipi

Maarifa ya kukausha yamo tayari katika kitenzi anika. Anayeanika mpunga huutandaza mkekani ili uso wake uwe mpana. Huuweka juani ili upate joto. Huuweka mahali penye upepo. Tena huugeuza ili wa chini uje juu. Mambo hayo ndiyo yanayoshughulisha maabara.

Molekuli za kimiminika huwa katika mwendo wakati wote. Zile zilizo usoni zenye nguvu ya kutosha huchomoka na kuwa mvuke. Kwa kuwa zinazoondoka ndizo zenye nguvu zaidi, zinazobaki hupoa. Hii ndiyo sababu maji ya mtungi wa udongo huwa baridi: maji machache hupenya kwenye kuta za mtungi, huvukizwa nje, na hutwaa joto kutoka kwa yale yaliyo ndani. Kwa hiyo kuvukiza ni kutumia joto, na viyeyushi havilingani katika matumizi hayo. Gramu moja ya maji yanayochemka huhitaji takriban jouli 2,260 ili igeuke mvuke. Gramu moja ya heksani huhitaji takriban jouli 335, yaani karibu moja ya saba.

Viyeyushi hutofautiana pia katika kiwango cha mchemko. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, asetoni 56, heksani 69, ethanoli 78, asetonitrili 82 na maji 100. Neno kanieneo lenyewe linastahili kuzingatiwa. Limeundwa kwa kani na eneo, na hivyo limebeba ndani yake maana ya kisayansi: kani inayogawanywa kwa eneo. Hewa iliyo juu ya kimiminika hukikandamiza. Kanieneo ikipunguzwa kwa pampu, kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi. Ethanoli iliyo chini ya kanieneo ya takriban milibari 180, badala ya 1,013 za usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 40 tu. Kwa njia hiyo kemikali zinazoharibiwa na moto huweza kuokolewa.

4.0 Chimbuko la Kutolingana

Neli moja ikikaushwa peke yake, mtaalamu huiangalia na kuiondoa kwa wakati wake. Zikiwa neli 24 au 48, tofauti ndogondogo hujumlishana. Sababu kuu ni tano.

Ya kwanza ni joto. Bamba la chuma lenye matundu ya kushikilia neli halina joto moja kila mahali. Matundu ya pembeni hupoteza joto hewani kuliko ya katikati. Ya pili ni gesi. Pale ambapo naitrojeni hupulizwa juu ya kila neli kwa sindano, sindano iliyo karibu na uso wa kimiminika huondoa mvuke haraka kuliko iliyo mbali, na nafasi isiyo na neli ikiachwa wazi hupoteza gesi iliyostahili kwenda kwingine. Ya tatu ni sampuli zenyewe. Dondoo la tango, tunda lenye maji mengi, likibakia na maji kidogo litachelewa sana kuliko dondoo la maharage makavu, kwa kuwa maji hudai joto kubwa kuliko kiyeyushi kilichoyazunguka.

Ya nne ni kufoka. Kanieneo ikishushwa ghafla, kimiminika huchemka kuanzia chini na kuruka juu, kama maziwa yanavyofoka jikoni. Sehemu yake humwagika, na pengine hutua katika neli ya jirani. Hapo sampuli moja hupunguziwa na nyingine huongezewa kisicho chake. Ya tano ni ukoko. Kimiminika kinaposhuka, huacha masalia kwenye kuta za neli juu ya uso wake. Kiyeyushi cha kumumunya upya kikitiwa chini tu bila kusafisha kuta, kilicho ukutani hubaki ukutani, kama ukoko wa wali ubakiavyo sufuriani baada ya wali kupakuliwa.

Sababu hizo zote hupata ukali wake katika dakika za mwisho. Wakati neli bado ina kimiminika, uvukizaji huipoza, na joto lake hubaki chini ya lile la bamba. Unyevu ni kinga. Mara kimiminika kinapokwisha, kinga hiyo huondoka na masalia hupanda hadi kufikia joto la bamba, huku gesi ikiendelea kuyapuliza. Kemikali nzito kama DDT huvumilia kwa kiasi. Kemikali nyepesi kama diklovosi, ambayo yenyewe hugeuka mvuke kwa urahisi, huondoka pamoja na kiyeyushi au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo neli iliyotangulia kukauka kwa dakika kumi haikungoja tu. Kwa dakika kumi ilikuwa ikipoteza.

5.0 Njia za Kusawazisha

Historia ya vifaa vya kuvukizia inaweza kusomwa kama historia ya kutafuta usawa. Mwaka 1950, Lyman Craig na wenzake wa Marekani walieleza kifaa ambacho chupa yake huzungushwa ndani ya maji ya moto huku kanieneo ikiwa imepunguzwa. Mwaka 1957 kampuni ya Büchi ya Uswisi ilianza kukiuza kifaa cha namna hiyo. Mzunguko hutandaza kimiminika kuwa utando mwembamba kwenye kuta za chupa, hupanua uso wake na kuzuia joto kukaa mahali pamoja. Kanuni inayofundishwa mara nyingi ni ya nyuzi 20: maji ya kupashia yawe nyuzi 60, mvuke uwe 40, na kipozeo kiwe 20. Kifaa hiki huleta usawa ndani ya chupa moja, lakini hushughulikia chupa moja kwa wakati.

Kwa sampuli nyingi, njia ya naitrojeni ni rahisi na imeenea. Gesi hiyo ni kavu, nayo haiunguzi wala haioksidishi kilichomo. Mpulizo unaofaa hutia kishimo kidogo kwenye uso wa kimiminika bila kukirusha, na sindano hushushwa kadiri uso unavyoshuka. Njia nyingine ni kuzizungusha neli kwa kasi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Mzunguko hukisukuma kimiminika kuelekea kitako cha neli kwa nguvu iliyo mara mamia ya uvutano wa dunia. Kanieneo huwa kubwa zaidi chini kuliko usoni, hivyo kuchemka hufanyika usoni tu na kufoka huzuiwa.

Wapishi wa pwani wanaijua kanuni iliyo nyuma ya vifaa hivi. Wali ukikaribia kuiva, mpishi hupunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Joto huja kutoka pande mbili, na wali hukauka wote pasipo wa chini kuungua na wa juu kubaki na maji. Kupalia ni kusawazisha: haiongezi moto kwa jumla, bali huugawa upya.

Vifaa peke yake havitoshi, kwa hiyo wakemia wameongeza kinga mbili. Ya kwanza ni kutia matone machache ya kimiminika kizito chenye kiwango kikubwa cha mchemko, ambacho hubaki neli inapodhaniwa kuwa imekauka na kuzishikilia kemikali nyepesi zisitoroke. Ya pili ni kutia katika kila neli, kabla ya kuvukiza, kiasi kinachojulikana cha kemikali ya kulinganishia inayofanana kitabia na ile inayotafutwa. Ikipatikana pungufu mwishoni, upungufu wake hufichua upotevu wa neli hiyo. Miongozo ya Ulaya ya upimaji wa viuatilifu hukubali, kwa wastani, urejeshaji wa kati ya asilimia 70 na 120. Kinga hii ya pili haizuii upotevu, huufanya uonekane.

6.0 Vitenzi na Usahihi wa Maagizo

Baada ya kuielewa kazi, yafaa kuuliza Kiswahili kinaielezaje. Ugumu wa kwanza uko katika kitenzi yeyuka. Barafu huyeyuka juani, chumvi huyeyuka majini, na fedha za mradi husemwa kuwa zimeyeyuka zinapotoweka. Maana hizo tatu ni matukio matatu tofauti kwa mkemia: kigumu kuwa kimiminika, kigumu kuingia ndani ya kimiminika, na kitu kuondoka kabisa. Agizo la kuyeyusha masalia katika heksani linaweza kumfanya mwanafunzi apashe moto pale alipotakiwa kukoroga tu. Kitenzi mumunyika, kinachotokana na mumunya, hutenganisha maana ya pili na nyingine, na vukiza hutenganisha ya tatu. Vukiza nacho kina jirani wa karibu, yaani fukiza, ambacho ni kutoa moshi au harufu ili iguse nguo, nyumba au mtu. Katika kufukiza, kinachopanda ndicho kinachotakiwa. Katika kuvukiza kwa maabara, kinachotakiwa ni kile kibakicho.

Ugumu wa pili ni wa mtendaji na mahali, nao hutatuliwa na viambishi vya unyambulishaji. Kauka hueleza hali inayofikiwa bila kutaja mtendaji: acha sampuli zikauke. Kausha huleta mtendaji na nguvu yake: kausha sampuli kwa naitrojeni. Kaukia huleta mahali: masalia yamekaukia ukutani. Kiambishi hicho kifupi cha kutendea kinatoa taarifa nzima ya hitilafu, yaani kwamba kukauka kumetokea, na kumetokea pasipostahili.

Ugumu wa tatu ni wa wakati, na hapa ndipo Kiswahili kinapoonesha ukwasi ambao kamusi za istilahi haziwezi kuuorodhesha. Mtaalamu anapoikagua neli yenye unyevu, anaweza kusema sentensi tatu. Sampuli haijakauka: kazi inaendelea na kukauka kunatarajiwa, angoje. Sampuli haikukauka: kazi imekwisha na lengo halikufikiwa, aandike katika daftari. Sampuli haikauki: hata ikiongezewa muda hali ni ileile, huenda kuna maji au mafuta ndani yake, na achunguze chanzo. Mofimu za ukanushi zinabeba hukumu tatu, na kila hukumu inadai kitendo chake. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hii anazo tofauti hizo kabla ya kuingia maabarani. Anachohitaji ni mwalimu atakayemwonesha kwamba zina kazi huko pia.

Ugumu wa nne ni neno sawasawa. Lina maana ya kwa namna moja, na pia maana ya vizuri, na mchanganyiko huo unaweza kuficha uzembe: sampuli zimekauka sawasawa huenda ikamaanisha tu kwamba zimekauka vizuri. Kazi hii ina usawa wa aina tatu: ndani ya neli moja, baina ya neli za mkupuo mmoja, na baina ya mikupuo ya siku mbalimbali. Vitenzi huweza kuzigawa kazi hizo. Sawazisha hutaja kitendo cha mtaalamu juu ya masharti: sawazisha ujazo, joto na gesi. Lingana, chenye kiambishi cha kutendana, hutaja uhusiano unaotokea baina ya sampuli zenyewe. Mtaalamu husawazisha masharti ili sampuli zilingane; hawezi kuzilazimisha zilingane, na ndiyo maana hutia kemikali ya kulinganishia ili ajue kama zimelingana.

Agizo fupi linaweza kuunganisha hayo yote: Tia kemikali ya kulinganishia katika kila neli kabla ya kuvukiza. Sawazisha ujazo wa neli zote na uzibe nafasi zisizo na neli. Vukiza kwa naitrojeni kwenye nyuzi 40 hadi ibaki mililita 1. Neli iliyofika alama iondolewe mara moja, hata kama jirani zake hazijafika. Isiachwe ikauke kabisa. Suuza kuta ili kilichokaukia juu kishuke.

Katika agizo hilo hakuna istilahi ngumu. Usahihi wake unatokana na viambishi, na hasa na sentensi ya nne, inayotambua kwamba usawa wa matokeo hudai pengine kuzitendea neli kwa nyakati tofauti. Anayeziondoa zote kwa dakika moja amesawazisha saa, hajasawazisha sampuli.

7.0 Hitimisho

Uvukizaji wa viyeyushi umeonesha kwamba matokeo ya kisayansi huweza kuharibika katika hatua iliyodhaniwa kuwa ndogo kiasi cha kutohitaji maelezo. Umeonesha vilevile kwamba maelezo ya hatua hiyo hayakosi makao katika Kiswahili. Anika, palia, foka, kaukia na ukoko yalikuwa na maana kamili kabla ya kufikishwa maabarani, na maana hizo hazihitaji kupotoshwa ili zitumike huko.

Kwa wanaisimu, linalofuata ni kupanua dhana ya istilahi. Kamusi ya sayansi inayoorodhesha kiyeyushi, kanieneo na ombwe imefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukusanya vitenzi vya maabara pamoja na minyambuliko yake, na sentensi ambamo vinatumika, kutoka kwa mafundi sanifu wanaoelekezana kwa Kiswahili kila siku huku wakiandika ripoti zao kwa lugha nyingine. Lugha ya maelekezo yao ipo tayari. Bado haijaandikwa, na, kama ilivyoelezwa hapo juu, haijaandikwa si sawa na haiandikiki.